Malbec na mbuzi choma: venye nachagua waini za chini ya Andes na chakula cha huku kwetu

Kuna waini moja nyekundu, Malbec, naamini ilitengenezwa na watu wanaokula kama sisi, nayo inatoka Mendoza, Argentina, pale chini ya milima ya Andes. Wale watu Jumapili yao ni moto wa kuni, wavu, chumvi na mbavu, na familia yote imezunguka moshi kutoka saa tano hadi jioni. Sasa niambie hiyo iko tofauti wapi na Jumapili ya hapa Nakuru. Hata mutura, ile soseji ya damu, wanayo, yao inaitwa morcilla, na huko Malargüe, kusini mwa mkoa huo wa Mendoza, kila Januari wanafanya sherehe ya kitaifa ya mbuzi. Ya mbuzi! Tangu nijue hiyo niliacha kuamini maneno ya kwamba waini si ya chakula chetu, na nimeandika hapa hatua kwa hatua venye mimi hufanya, kutoka supamaketi hadi kwa meza.

Hatua ya kwanza: jua kwanza kwa nini hiyo waini iko hivyo

Usiruke hii hatua, juu ndiyo itakusaidia kusoma lebo. Mendoza ni kama jangwa. Andes inazuia karibu mvua yote inayotoka upande wa bahari ya Pasifiki, kwa hivyo wanapata kama milimita 200 hivi kwa mwaka mzima, na Kisumu sisi tunapata zaidi ya 1,200. Maji yao ni theluji ya mlimani inayoyeyuka na kuteremka kwa mifereji, na mifereji hiyo ilianzwa na wenyeji wa hapo, Wahuarpe, kabla Wahispania hawajafika. Mpaka leo mjini Mendoza ukitembea barabarani utaona mifereji imepita chini ya miti.

Halafu kitu kilichonishangaza ni urefu. Mashamba ya Bonde la Uco, huko huko Mendoza, yako kati ya mita 900 na 1,500 hivi juu ya bahari, na Kisumu iko kama mita 1,130, manake mzabibu wa Uco umesimama sawa tu na mtu wa Kondele, mtaa wa Kisumu! Tofauti ni kwamba wao wako mbali na ikweta, kwa nyuzi 33 kusini, hewa ni kavu, mchana jua linachoma vibaya na usiku baridi inashuka kutoka mlimani. Hilo jua kali la juu linafanya ganda la zabibu kuwa nene na jeusi, na ile baridi ya usiku inalinda uchachu usipotee. Ndiyo maana Malbec ya huko ina rangi nzito karibu na zambarau, ladha ya matunda yaliyoiva sana kama zambarau zile tunaokota chini ya mti, na bado haichoshi mdomo.

Malbec yenyewe asili yake ni Ufaransa, upande wa Cahors. Mfaransa mmoja wa kilimo, Michel Aimé Pouget, ndiye alileta vipandikizi vyake Argentina wakati mwanasiasa Domingo Sarmiento alikuwa anasukuma nchi ianzishe shule ya kilimo huko Mendoza, na hiyo tarehe 17 Aprili 1853 ndiyo sasa inasherehekewa kama siku ya Malbec duniani. Kwao Cahors baridi ya mwaka wa 1956 iliua mizabibu mingi sana, lakini Mendoza ikashika na ikapanda na leo mtu akisema Malbec wengi wanafikiria Argentina kwanza.

(Na kabla mtu aniambie nimesahau nyumbani: najua, hapa hapa kaunti yetu ya Nakuru, Naivasha, mizabibu ipo na waini ya Leleshwa inatoka huko, na naipenda. Lakini leo ni Mendoza.)

Hatua ya pili: dukani

Tafuta maneno haya kwa lebo: Mendoza, halafu aina ya zabibu, halafu kama wameandika eneo dogo. Luján de Cuyo na Maipú ndizo sehemu za zamani, karibu na mji, na waini zake huwa laini zaidi na zimejaa. Valle de Uco, ndiyo lile Bonde la Uco, pamoja na Tupungato, Tunuyán na San Carlos zilizo ndani yake, ni juu zaidi, na waini yake ina uchachu mwingi na harufu kama ya maua. Kama ni choma yenye mafuta mengi mimi nachukua ya Uco, uchachu unakata mafuta.

Kwa mwanzo usichukue ile ya bei ya juu sana iliyokaa kwa mapipa ya mwaloni muda mrefu. Chukua ya kawaida, changa, ya miaka miwili au mitatu nyuma. Zile za pipa zina ladha ya moshi na vanila na zinataka nyama ya aina fulani, nitafika hapo.

Angalia stempu ya ushuru ya KRA kwa shingo ya chupa, na kama una shaka kuna app yao inaitwa Soma Label, unapiga skani tu inakuambia kama ni ya ukweli. Fanya hiyo hata kama unanunua duka unalolijua. Pia usichukue chupa iliyosimama dirishani ikipigwa na jua, hasa Kisumu, hiyo imeshaiva mara ya pili.

Kitu kimoja lazima nikuambie mapema: Malbec si tamu. Kama umezoea zile waini tamu za boksi, funda la kwanza litakukausha mdomo na utasema imeharibika. Haijaharibika. Ile kukausha inaitwa tanini, na wewe mtu wa western ama Bonde la Ufa unaijua tangu utoto, ni ile ile ya chai ya rangi ya Kericho ukiiacha kwa birika sana. Sasa fikiria unafanya nini ile chai ikikuwa kali hivyo, si unaweka maziwa? Maziwa yana protini, tanini inashikana nayo, inaachana na mdomo wako. Nyama inafanya kazi ile ile. Funda la Malbec peke yake ni chai kali, funda la Malbec na kipande cha mbavu mdomoni ni chai yenye maziwa. Ukishika hilo, kila kitu kingine kwa huu mwongozo utakielewa bila mimi kueleza.

Hatua ya tatu: ipooze, tafadhali ipooze

Hapa ndipo watu wengi wanapoteza. Vitabu vya ng'ambo vinasema waini nyekundu inywewe "kwa joto la chumba", na chumba wanachomaanisha ni cha Ulaya, cha baridi, nyuzi 16 hadi 18. Chumba cha Kisumu saa tisa mchana ni nyuzi 29, 30.

Krismasi moja tulienda kwa shemeji yangu Kisumu na chupa mbili nzuri za Malbec ambazo zilikuwa zimekaa kwa buti ya gari kutoka asubuhi. Tukafungua hivyo tu. Shemeji akaonja, akaweka glasi chini polepole kwa heshima, akasema, "Shem, hii kitu inachoma koo kama dawa." Na alikuwa sawa kabisa, juu waini ikiwa moto kilevi ndicho kinakuja mbele na matunda yote yanapotea. Ile chupa ya pili nikaiomba, nikachukua karai, maji, barafu ya kununua kwa wauza samaki na chumvi ngumi moja, nikaizamisha dakika kumi na tano. Tulipomimina tena hakuna mtu alisema neno kwa muda, kisha shemeji akauliza kama kweli hizo chupa ni za aina moja. Nikamwonyesha lebo.

Kwa hivyo:

Malbec Kisumu, saa moja kwa friji, ama dakika kumi na tano kwa karai ya barafu, maji na chumvi. Malbec Nakuru jioni ya Julai, pengine dakika kumi na tano za friji, na kuna siku haihitaji hata hiyo juu nyumba yenyewe ni friji. Unataka ukishika chupa uhisi ubaridi kidogo, isiwe inatoa jasho. Waini nyeupe nazo ziache friji masaa matatu au zaidi.

Hatua ya nne: kufungua na kumimina

Hii ni fupi. Kata foili chini ya ule mdomo wa chupa, ingiza kizibuo katikati, zungusha mpaka ibaki pete moja, vuta polepole. Mambo ya kugonga chupa na kiatu ukutani wacha, nimeona chupa ikipasuka na mtu akishonwa mkono. Mimina theluthi ya glasi tu ndiyo harufu ipate nafasi, na hiyo nafasi ina maana, nusu ya ladha ni pua. Chupa ya mililita 750 inatoa glasi tano za kadiri. Malbec ina kilevi kama asilimia 13.5 hadi 14.5, si kama bia hata kidogo, kwa hivyo maji yawe mezani na mwenye gari aamue kabla ya glasi ya kwanza kama ataendesha au atalala.

Hatua ya tano: mbuzi choma

Hapa nitakaa kidogo.

Chukua mbavu au mguu wa mbele, usitoe mafuta yote. Moto uwe wa kuni zilizogeuka makaa, si mwali, nyama ya Waargentina hawaipigi mwali kamwe, wanasukuma makaa kidogo kidogo chini ya wavu na kuacha nyama ijipike taratibu upande wa mfupa kwanza. Jaribu hiyo na mbuzi, upande wa mfupa chini karibu dakika arobaini, halafu geuza mara moja. Chumvi weka kabla, na usiogope, juu chumvi pia inalainisha tanini. Usimwage maji ya chumvi kila dakika mbili, unaua moto na unafanya nyama ichemke.

Malbec ya Uco, changa, isiyo na pipa, ndiyo ya mbuzi. Mbuzi ana ile harufu yake, na waini ina harufu ya kutosha kusimama naye bila kumfunika. Ng'ombe choma yenye mafuta, hasa mbavu, enda na ya Luján de Cuyo. Mutura ni ya Malbec yoyote, ila kama pilipili ni nyingi ndani utaumia, kwa sababu kilevi na tanini vinaongeza moto wa pilipili badala ya kuuzima. Hilo ndilo kosa naliona sana, mtu anaweka pilipili mwendawazimu kwa kila kitu kisha analaumu chupa.

Kachumbari nayo inataka kurekebishwa. Limau nyingi na nyanya chachu zinafanya Malbec ionekane imelala, haina ladha. Punguza limau, ongeza dhania. Ama fanya ile yao, chimichurri, na vitu vya sokoni kwetu: dhania au parsley iliyokatwa vidogo sana, vitunguu saumu punje tatu, oregano kavu kijiko kidogo, pilipili ya unga kidogo tu, siki kijiko kimoja, mafuta vijiko vitano au sita, chumvi. Iache ikae nusu saa. Mimi nikileta hii wageni wanaanza na kachumbari lakini kabla nyama iishe kachumbari imebaki na hii bakuli imefutwa na ugali.

Ugali wenyewe wa mahindi ni rafiki, hauna ugomvi na waini yoyote, unasafisha mdomo kati ya funda na funda.

Kama una bahati ya kuwa na mtu wa kukuletea aliya kutoka nyumbani Nyanza, ile nyama iliyokaushwa juani na kupitishwa moshi, hiyo ndiyo nyama ya Malbec ya pipa niliyokuwa nasema. Moshi na moshi. Ipike na rojo zito la vitunguu, isiwe na nyanya sana. Sijapata kitu kingine cha kushinda hiyo.

Hatua ya sita: samaki, na hapa usilete nyekundu

Nasema hivi kwa upendo. Malbec na omena zinatoa ladha ya chuma na shombo mdomoni, na sababu inajulikana, waini nyekundu ina chembe za madini ya chuma zinazokutana na mafuta ya samaki na kuleta hiyo shombo. Hata omena aliyekaushwa vizuri kabisa hawezi kuokoka.

Badala yake tafuta Torrontés, waini nyeupe ya Argentina. Yenye sifa zaidi inatoka kaskazini, Cafayate huko Salta, juu zaidi hata ya Mendoza lakini bado chini ya Andes ile ile, na Mendoza pia wanaipanda. Mzazi wake mmoja ni Muscat, kwa hivyo inanukia maua na pichi mpaka unafikiri itakuwa tamu kama soda, halafu ukionja ni kavu. Na ngege wa kukaanga, yule wa Dunga, ufuoni Kisumu, ambaye ngozi inalia ukivunja, na kipande cha limau, sina maneno. Hapa limau haina shida, waini nyeupe ina uchachu wake wa kutosha.

Ngege wa mchuzi wa nyanya, bado Torrontés, lakini iwe baridi sana. Mbuta wa nazi au wa maziwa nampa Chardonnay ya Uco, nyeupe nyingine, ile iliyopita kwa pipa kidogo. Omena wa kukaanga mkavu na chumvi ni wa waini yenye povu, hayo mapovu yanasugua mafuta ulimini, na Mendoza wanazo, kampuni ya Moët & Chandon ya Ufaransa ilianzisha tawi lake huko mwaka wa 1959.

Hatua ya saba: kuku kienyeji na mboga za kienyeji

Ingokho. Kwa Waluhya kuku si chakula cha haraka, anachemshwa mpaka mfupa ukubali, na imondo, yaani firigisi, inajulikana ni ya nani, usiiguse. Nyama yake ni ngumu kiasi na tamu sana lakini haina mafuta mengi, kwa hivyo Malbec nzito inaweza kumzidi nguvu. Hapo nachukua Bonarda. Ni zabibu nyekundu ya pili kwa wingi Argentina, tanini kidogo, matunda mengi, na bei yake huwa rafiki. Jina lake linadanganya kidogo, uchunguzi wa DNA ulionyesha si Bonarda ya Italia, ni Douce Noir ya Savoie, Ufaransa, chini ya Alps, kwa hivyo ni mtoto wa chini ya mlima mara mbili. Ipooze zaidi ya Malbec. Na imondo yenyewe, kama wewe ndiye mwenye haki yake, hiyo jipe Malbec kidogo, ina ladha nzito ya kutosha.

Mboga ndizo ngumu. Managu, saga, mitoo, zile zenye uchungu, zikikutana na tanini uchungu unaongezeka mara mbili. Lakini angalia mama zetu walifanya nini: dek, ndiyo saga kwa Kijaluo, inalazwa usiku na maziwa au malai mpaka uchungu unashuka. Ni ile hesabu ya chai tena. Mboga iliyolala na maziwa inaenda vizuri na Bonarda na hata na Torrontés. Mboga iliyochemshwa dakika kumi na kupakuliwa, kunywa maji. Mrenda na waini sijaona ikikubali, utelezi unazuia ladha isifike, na mursik, yale maziwa ya kuganda ya Wakalenjin, naomba tuiache na heshima yake, haitaki mwenzake.

Ugali wa wimbi na mtama una uchungu na uchachu wake wa mbali, huo pia ni wa Bonarda.

Hatua ya nane: mpangilio wa siku na kilichobaki

Kama ni watu kumi, mimi hupanga hivi: Torrontés chupa mbili wakati watu wanafika na samaki wadogo au sambusa (wao wanazo empanada, ndugu ya sambusa, na wanazinywea hiyo hiyo), Bonarda moja na kuku, Malbec tatu zinangojea nyama, na hazifunguliwi kabla nyama itoke kwa wavu hata wageni wakilalamika. Nyeupe kabla ya nyekundu, nyepesi kabla ya nzito.

Chupa ikibaki nusu, rudisha kizibo na uiweke friji, nyekundu pia, itadumu siku tatu. Siku ya nne usiinywe, ipikie. Kaanga vitunguu na nyama ya ng'ombe ya mifupa mpaka ishike rangi, mwaga kikombe kimoja cha Malbec, acha ichemke bila kifuniko mpaka ile harufu ya kilevi iishe kabisa na ibaki nusu, ndipo uongeze maji na karoti na ufunike kwa moto mdogo masaa mawili. Nyanya weka moja tu.